Hatua kumi na moja

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Asubuhi niliposhuka bondeni Ibighi ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, njia imekuwa utelezi mtupu, chai upande huu, migomba upande ule, na viatu vyangu vya mjini vilishanisaliti mara mbili kabla sijafika chini. Huko chini kuna chemchemi. Mama mmoja alikuwa amechomeka kipande cha gome la mgomba kwenye ufa wa jiwe kikawa mfereji mdogo, na maji yakashuka kwa uzi mwembamba hadi kwenye ndoo yake ya lita 20.

“Ugonile, mama,” nikamsalimu, na hicho ni karibu Kinyakyusa chote nilichonacho. Akacheka. Akaniambia alipoolewa hapa ndoo ilikuwa inajaa kabla salamu hazijaisha. Anayejua urefu wa salamu za Wanyakyusa anaweza kudhani hiyo si sifa kubwa. Lakini siku hizi, akasema, salamu zinaisha, habari za msiba zinaisha, na ndoo bado iko nusu.

Nikainua macho. Juu ya chemchemi imesimama mikaratusi, mirefu, minyoofu, mizuri kwa kweli. Nikahesabu kutoka penye maji hadi penye shina la kwanza: hatua kumi na moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuyadhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Miti ni ya nani? Mama akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. Ni ya mtu mzito.

Kiu katika wilaya hii ya Rungwe ni jambo la aibu. Tukuyu ni kati ya miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Nyuma yake umesimama Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, na msitu wake unapokea mawingu na kuyaachilia taratibu kuwa vijito, vijito vikawa Kiwira na Mbaka, mito ikaishia Ziwa Nyasa. Msitu huo ulipandishwa hadhi mwaka 2009 ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Ndimo anamoishi kipunji, nyani ambaye wawindaji wa hapa walikuwa wakimtaja kwa jina muda mrefu kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003 na dunia kutangaziwa 2005 kuwa amegunduliwa. Huko juu kuna mipaka na askari. Matatizo yanaanza maji yanapovuka mpaka na kuingia kwenye mashamba yetu.

Wala sitaki kuutukana mkaratusi. Umesomesha watoto wengi Rungwe. Unakua haraka, unatoa mbao na nguzo, na kuni zake ndizo zinazowasha matanuri ya viwanda vya chai. Mti hauna kosa lolote kilimani penye udongo mkavu. Kosa ni kuupeleka penye jicho la maji ukanywe usiku na mchana, na mwenye kosa hilo ana miguu miwili.

Zamani, kwa watu hawahawa, swali la nani anajibu maji yakipungua lilikuwa na jibu la kutisha. Huko Selya, ndani ya Unyakyusa, katika kichaka cha Lubaga, aliishi Lwembe, mtawala aliyekuwa kuhani zaidi kuliko mfalme. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa miaka ya 1930, ameandika habari zake kwa kirefu. Rutuba ya nchi, mvua na uzazi vilihesabiwa kuwa ndani ya mwili wa Lwembe. Akiwa mzima, nchi nzima. Akiugua sana, wazee hawakungoja afe mwenyewe: walimziba pumzi ili nguvu isitoke ikapotea pamoja naye, wakang'oa nywele na kucha zake na kuzifukia, rutuba ibaki ardhini. Ndiyo maana cheo hicho hakikugombewa. Aliyechaguliwa alikamatwa kwa nguvu, na wengine walikimbia.

Msinielewe vibaya. Sipendekezi kumziba pumzi mwenyekiti yeyote. Mila ile ilikuwa katili, na hofu ndiyo iliyolinda vichaka ambako watemi walizikwa na ambako hakuna aliyethubutu kukata hata fito. Ninachokiona ni kwamba wazee wale walikuwa wamelifunga jambo moja ambalo sisi tumelifungua: mwili wa kiongozi na hali ya ardhi vilikuwa kamba moja. Ardhi ikichoka, naye amekwisha. Leo chemchemi inaweza kukauka kabisa na kiongozi akachaguliwa tena kwa shangwe, mradi amechangia msiba na kuleta fulana.

Tumeligawa jukumu. Kuna kamati ya mazingira ya kijiji, kuna mtendaji, diwani, halmashauri, bodi ya maji ya bonde, wakala wa misitu, chombo cha taifa cha mazingira. Kila ngazi ina kazi yake halali. Lakini mzigo wa watu saba una tabia yake, kila mtu anashika mahali pepesi. Na hata Katiba, ibara ya 27, inayompa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili, imekuwa kama sahani ya harusini: ni ya wote, kwa hiyo haioshwi na mtu.

Sheria inapoamka nayo huwa inaamkia kwa mnyonge. Robo eka yenye umbo la mraba haifiki mita 32 kwa upande. Mjane mwenye robo eka kando ya kijito, ukimpimia mita 60 umemeza shamba lote pamoja na migomba, na pengine choo. Yeye hana pa kuhamia, na ndiye wa kwanza kuonyeshwa barua. Mtu mzito mwenye eka tano angeweza kuipisha chemchemi na bado akabaki tajiri, ila nani atamshikia futi kamba? Hapa jirani tulishaliona: Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi tangu 1993, mashamba makubwa ya mpunga yakiendelea kunywa, na mwaka 2006 walioswagwa kutoka bonde lake la Usangu walikuwa wafugaji na ng'ombe wao.

Kwa hiyo mimi naanzia kwa mwenye cheo. Mwenyekiti, diwani, mzee wa kanisa, mwenye kiwanda: apime kwanza shambani kwake, mbele ya watu, kabla hajampimia jirani. Akishakata mikaratusi yake na kupanda miti ya asili hapo penye maji, mjane hatahitaji barua. Atahitaji kusaidiwa miche, na huenda muda.

Novemba 2024 tulichagua viongozi wa vijiji na vitongoji kote Tanzania Bara. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na kuhudhuria ni bure. Wewe unayesoma hapa Rungwe, nenda na futi kamba. Uliza chemchemi ni ngapi, ipi imepungua, na miti iliyo juu yake ni ya nani. Jina likitajwa na ukumbi ukanyamaza, usikae chini.