Mazoea ya Picha za Utupu Hupimwaje?

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Jambo ninaloliandika huonewa haya, na kwa ajili ya haya hiyo hukumu zake hutolewa kwa kukisia. Kijana akikutwa wakati wa likizo anatazama picha za utupu katika simu, huyu husema ameharibika kabisa, yule husema ni utoto tu. Wazazi wetu hapa Issenye hawauzi pamba kwa kukisia, huiweka katika mizani. Je, mazoea nayo yana mizani?

Yanayo. Mwaka 2018 Beáta Bőthe, mtaalamu wa Hungaria, pamoja na wenzake, walitoa kipimo chenye maswali 18. Anayepimwa hujibu mwenyewe juu ya miezi sita iliyopita, na kila jibu hupata alama 1 hadi 7. Basi jumla haipungui 18 wala haizidi 126, na anayefikia 76 hudhaniwa kuwa na shida.

Wengi watafikiri huulizwa ametazama saa ngapi. La, hasha! Hutafutwa mambo sita: kama picha zimetawala fikira zake, kama huzitumia kusahau huzuni, kama za jana hazimtoshi leo, kama akizikosa hufadhaika, kama zimemharibia kazi au masikilizano na watu, na kama akiacha hurudia. Hilo la mwisho naliona zito kuliko yote.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limetaja ugonjwa wa kushindwa kuzuia tamaa za mwili. Lakini limeonya kwamba majuto yatokanayo na kuona dhambi peke yake hayatoshi kumwita mtu mgonjwa. Sisemi kwamba picha hizo ni njema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kuzieneza. Nasema ubaya wa jambo ni swali moja, na ugonjwa ni swali jingine.

Hata hivyo kipimo cha Bőthe kilijaribiwa kwanza kwa watu wazima wa Hungaria, na mwenye kujibu aweza kudanganya. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, wataalamu walikijaribu kwanza kwa Kiswahili kipimo cha ulevi chenye maswali 10 kabla ya kukiamini. Kwa hiyo alama 76 isitumiwe kumhukumu mwanafunzi wa hapa. Lakini yale mambo sita mzazi aweza kuyauliza kwa upole, faraghani, na majibu yakimtia wasiwasi amwone mganga.