Usikate Dashi, Mwanangu

Oya masela wa Singida, leo tuziache Crown na Subaru zenye mabuti yaliyojaa masabufa. Kuna chuma kimoja kinalala chini ya mwarobaini huku Misuna: Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966. Ni ya babu. Inawaka, inatembea, inapigiwa honi na bodaboda kila kona. Tatizo lilikuwa redio. Ukifungulia mechi ya Singida Black Stars, mtangazaji anasikika kama yupo ndani ya ndoo, na mzuka wa goli unakufa hapohapo.

Mimi na mshkaji wangu tukajipa dili: tutafute spika mbili za maana, tutoboe dashi, sabufa tulichomeke chini ya kiti. Tukampelekea babu ramani nzima. Akatusikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, kisha akasema, "Wajukuu zangu, siku msumeno ukigusa hapo, mtaenda Manyoni kwa miguu." Tukakausha.

Baadaye tukajua mzee hakuzingua. Dashi ya Beetle ya miaka hiyo siyo plastiki ya kuchomoa na kuagiza nyingine Kariakoo. Ni bati, sehemu ya bodi yenyewe, limepigwa rangi. Ukilikata umelikata, labda uanze kuchomelea, kupiga pasta na kupaka rangi upya. Halafu hii ndinga ina CV. Beetle ilibeba ubingwa wa Safari Rally mwaka 1954, ikarudia 1957 na 1962, enzi ambazo barabara za Afrika Mashariki zilikuwa matope na mashimo kinoma. Beetle ya mwisho ya mtindo huo ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, zikiwa zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 21. Sasa wewe na msumeno wako wa buku mbili unajiona nani?

Basi tukafuata njia ya kistaarabu: spika mpya, tundu lilelile.

Kwanza tukang'oa kiti cha nyuma, maana betri ya Beetle ipo chini yake, tukachomoa waya wa hasi. Usiruke hiyo hatua. Injini ipo nyuma, buti lipo mbele, na tenki la wese lipo humohumo kwenye buti, jirani kabisa na nyaya za dashi. Cheche moja hapo siyo stori ya kusimulia.

Ukifungua buti unakutana na ubao mwembamba kama boksi gumu. Ukiutoa, unaiona dashi kwa nyuma: nyaya, mota ya waipa, na spika imekaa kando ya spidomita, nyuma ya kijiwavu chake. Yaani fundi wa zamani alikufikiria, hulazimiki kulala chali kwenye pedeli. Tukaitoa ya zamani. Karatasi yake ilikuwa imekauka na kuchanika kama chapati ya juzi, na vumbi la Singida limejaa mpaka kwenye koili. Jua letu na ukame wetu haviachi karatasi salama.

Tukachora umbo lake kwenye boksi la viatu, tukapima na kina, kwa sababu spika yenye sumaku nene inaweza kugonga mota ya waipa. Tukaingia mtaani kusaka. Ya kwanza tuliitoa kwenye TV chogo iliyokufa. Ilikaa fresh, lakini ilikuwa ya omu 16, na redio yetu inataka 4. Haikuunguza kitu, ila sauti ikawa ya kunong'ona. Hapo ndipo somo lilipotuingia: omu zikizidi, sauti inapungua, omu zikipungua kuliko redio inavyotaka, redio inavuta umeme mwingi, inachemka, inaaga dunia. Soma nyuma ya sumaku. Maandishi yamefutika? Pima kwa mita; spika ya omu 4 huonyesha tatu na kitu, usishtuke.

Fundi redio mmoja kule sokoni akatupatia ya omu 4 iliyotoka kwenye mlango wa gari la ajali. Tukagusisha betri ya tochi kwenye miguu yake: karatasi ikiruka kwenda mbele, mguu uliogusa chanya ndio chanya. Tukachomea nyaya kwa risasi barazani kwa babu, mbali kabisa na lile tenki, ndipo tukaifunga. Nyuma ya kijiwavu tukaweka kipande cha chandarua kizee. Sauti inapita, vumbi linapungua.

Angalizo kwa mnaofunga redio mpya kwenye magari ya zamani: redio nyingi za kale zilipitisha hasi ya spika kwenye bodi. Redio za kisasa hazitaki hivyo. Nyaya zote mbili za spika zirudi kwenye redio yenyewe. Ukiugusisha mmoja kwenye bodi, unaweza kuiua. Kingine, Beetle hii ilizaliwa na umeme wa volti 6. Ya babu ilishabadilishwa kuwa 12 kabla sijazaliwa. Ya kwako ipime kwanza, usikurupuke.

Na bluetooth je? Tulifunga soketi chini ya dashi, ikiwa na fyuzi yake, tukachomeka kile kidude kinachorusha nyimbo kwa FM. Redio yetu inaishia 104, kwa hiyo kidude tumekiweka chini ya hapo. Sasa Singeli inatoka kwenye dashi ya 1966 na hakuna tundu jipya hata moja.

Jumapili jioni tulishuka nayo mpaka Ziwa Singidani, vioo chini, upepo wa ziwa unaingia. Spika ni moja tu. Haitikisi vioo vya jirani, ila kila neno linasikika, na babu anaitikia kwa vidole kwenye usukani. Gari la kisasa linunulie masabufa uwezavyo. Kama dingi au babu yako kakuachia chuma cha zamani, badilisha kilichokufa na uso wake uuache. Spika zipo tele mtaani, mwanangu. Dashi ni hiyo moja.