Mkutano wa simu: kila mkulima asikie, kila mkulima aone

Siku hizi mafunzo mengi yanakuja kwa simu. Mtaalamu yuko Morogoro, vikundi viko vijijini, mnakutana Zoom au Google Meet na hakuna aliyelipa nauli. Ni jambo jema. Lakini wapo wanaoingia kwenye mkutano na kutoka mikono mitupu: mzee ambaye masikio yamepungua nguvu, mama mwenye uoni hafifu, kijana kiziwi anayelima nyanya kuliko wengi wetu. Hasara yake inaonekana shambani.

Jaribu kutamka: thelathini, themanini. Sasa tamka: sitini, tisini. Mtandao ukikatakata, hata mwenye masikio mazima anachanganya. Mtaalamu akisema mililita thelathini kwa bomba, mwingine akasikia themanini, mazao yanaungua, pesa imeteketea na sumu imezidi kwenye chakula. Kwa hiyo leo tupange sauti na picha, kwa vifaa ambavyo wengi tunavyo.

Sauti

1. Tumia hedfoni za waya zenye maiki. Maiki iwe karibu na mdomo, isisugue kola wala kanga. Kama huna, weka simu umbali wa shibiri moja hivi.

2. Chagua chumba chenye vitu laini: godoro, mapazia, magunia ya nafaka. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kinarudisha sauti. Na mvua ikipiga bati, ahirisheni tu, hakuna maiki itakayoishinda.

3. Simu mbili zikiwa chumba kimoja, maiki ya moja inachukua spika ya nyingine, mnapata mlio mkali. Bakizeni sauti kwenye simu moja. Nyingine zima maiki na spika, vyote viwili.

4. Asiyeongea azime maiki. Anayeongea ataje jina lake kwanza, ili asiyeona ajue ni nani. Muongee mmoja mmoja.

5. Namba itajwe mara mbili: "thelathini, yaani tatu sifuri." Kisha iandikwe kwenye sehemu ya ujumbe.

Picha

Wengi wenye usikivu hafifu wanasoma midomo, kwa hiyo uso wako ni sehemu ya sauti. Mwanga utoke mbele yako. Ukikaa na dirisha mgongoni, unaonekana kivuli tu. Simu iegemee kitu imara, kamera iwe usawa wa macho, na mkono usizibe mdomo.

Kama kuna kiziwi anayetumia lugha ya alama, tafuteni mkalimani mapema. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia. Mkalimani aonekane kuanzia kichwani hadi kiunoni, na nafasi ya viwiko pembeni. Nguo yake isiwe na maua, na rangi itofautiane na ngozi yake ili mikono ionekane. Mwendesha mkutano ahakikishe picha ya mkalimani inabaki kubwa kwenye skrini muda wote, isirukeruke kila mtu anapoongea. Mtumieni maneno magumu siku moja kabla: majina ya dawa, ya wadudu na ya mbegu.

Eleza unachoonyesha

Kusema "mnaona hapa, ndiyo huyu" hakumsaidii asiyeona, wala aliyezima video kuokoa bando. Sema hivi: "Ni kiwavijeshi vamizi. Kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika kama mraba. Kwenye moyo wa mhindi anaacha kinyesi kama unga wa msumeno." Hapo hata asiyeona anaweza kukiuliza kizazi chake shambani: kile kinyesi kipo?

Mteueni pia mtu mmoja wa kuandika hoja kuu wakati kikao kinaendelea. Kazi yake iwe hiyo tu. Maandishi yanamsaidia kiziwi, aliyekatikiwa mtandao, na hata anayetaka kukumbuka kesho.

Mtandao ukizidiwa

Zimeni video kwa mpangilio. Waanze wasikilizaji. Msemaji na mkalimani wawe wa mwisho, maana kwa kiziwi video ya mkalimani ikikwama, mkutano umeisha. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40, kwa hiyo gaweni somo vipande viwili. Mkalimani na macho ya wanaomtazama watapumzika hapo.

Kabla na baada

Ingieni dakika 15 mapema mjaribu. Mjaribishe na yule mwenye shida ya kusikia au kuona, na mumuulize yeye mwenyewe nini kinamfaa. Mzee mmoja anataka sauti kubwa, mwingine anataka uongee polepole tu.

Mwisho wa kikao, mwombe mmoja wao arudie kipimo cha dawa kwa maneno yake au kwa alama. Akikosea, sahihisheni palepale, kabla hajafungua chupa. Na siku zote kipimo mlichosikia kilinganisheni na kibandiko cha dawa. Mkiona vinatofautiana, msipulize kwanza, njooni tuulizane.