Daktari Burkitt wa Mulago na Ramani ya Ugonjwa



Kutoka Kyebando, mtaa ulio kaskazini ya jiji la Kampala, si mwendo mrefu kufika kilima cha Mulago. Mtoto azidiwapo na ugonjwa mtaani humo, huko ndiko wazazi wengi wanakompeleka. Juu ya kilima hicho hicho ilianza kazi iliyobadili elimu ya saratani duniani kote, na aliyeianza alikuwa mgeni, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyeitwa Denis Burkitt. Yafaa kuieleza kazi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, iliendeshwa kwa njia ambazo askari anazijua: kuona, kuuliza, kuhesabu na kuchora ramani. Pili, ugonjwa wenyewe haujatoweka. Ungali unawapata watoto wa Uganda, na mzazi anayezijua dalili zake aweza kuokoa maisha ya mwanawe.

Burkitt alizaliwa Enniskillen mwaka 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali, na kwa ajili hiyo alikataliwa alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni. Vita Kuu ya Pili ilimpa njia nyingine. Aliingia katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, akatumikia Kenya, Somalia na Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, alikubaliwa kufanya kazi Uganda, akapelekwa Lira kuwatibu watu wa wilaya ya Lango.

Huko Lira alidhihirisha jinsi alivyofikiri. Aliona kwamba wanaume wengi waliokuja kupasuliwa busha walitoka mashariki ya wilaya, na wachache mno walitoka magharibi. Daktari mwingine angeendelea kupasua tu. Burkitt alitaka kujua kwa nini ugonjwa ukae upande mmja wa wilaya na kuuacha wa pili. Busha huletwa na minyoo wadogo wanaoenezwa na mbu, nao hawakuenea sawasawa mahali pote. Jambo hilo lilimfunza kwamba mahali anapotoka mgonjwa ni sehemu ya ushahidi.

Akiwa Mulago mwaka 1957, aliitwa na mwenzake, Daktari Hugh Trowell, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Haikuwa jipu, wala hakuwahi kusoma habari za ugonjwa kama huo. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Mpelelezi wa polisi ataelewa alivyohisi: tukio moja huenda likawa la bahati, lakini mawili yanayofanana yanadai kufunguliwa jalada. Burkitt alipompima mtoto yule alikuta uvimbe tumboni pia. Akarudi Kampala, akafungua kumbukumbu za hospitali, akaanza kuhesabu. Mwaka 1958 alitangaza habari za watoto 38 wenye ugonjwa huo.

Haki itendeke hapa. Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona. Kumbukumbu za Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, aliyefika Uganda mwaka 1897, zilikuwa na wagonjwa wa namna hiyo. Madaktari Davies na O'Conor, waliochunguza saratani za watoto hapo hapo Mulago, walithibitisha kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumboni ulikuwa ugonjwa mmoja, saratani ya tezi za limfu. Tena, lisingejulikana lolote kama akina mama wasingalisafiri kutoka vijijini wakiwa wamewabeba watoto wao.

Burkitt aliongeza ramani. Alituma picha za ugonjwa huo kwa hospitali nyingi za Afrika, akauliza kama umeonekana huko. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile na Clifford Nelson, walitoka Kampala kwa gari kuukuu, wakaenda hadi Afrika Kusini na kurudi. Walitumia majuma 10, wakapita kilomita zipatazo 16,000, na kuzuru hospitali zaidi ya 50. Ramani iliyopatikana ilionyesha ukanda mpana katikati ya Afrika. Ugonjwa ulikuwapo katika nchi za joto na mvua, ukakosekana katika nyanda za juu zenye baridi na katika nchi kavu. Hivyo ndivyo malaria ilivyoenea, na sababu ilikuwa moja: mahali penye mbu wengi.

Mwaka huo huo alitoa mhadhara London. Katika wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi, naye akaomba apelekewe vipande vya uvimbe. Vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenziwe, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona kirusi kipya ndani ya chembe za uvimbe huo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Leo inafahamika kwamba kirusi hicho huwaingia watu wengi sana duniani bila kuwadhuru. Hatari huzidi pale mtoto anapokipata angali mdogo na huku malaria inamrudia mara kwa mara, ikiidhoofisha kinga ya mwili wake.

Kisha ikaja tiba. Kisu hakikufaa kitu, lakini dawa zilifaa kuliko ilivyotarajiwa. Uvimbe uliokaribia kuziba kinywa cha mtoto uliweza kuyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 kituo maalumu cha matibabu kilifunguliwa Mulago chini ya Daktari John Ziegler wa Marekani, nacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wataalamu wengi wa kigeni walipoondoka baada ya mwaka 1972, kazi haikufa. Daktari Charles Olweny, mwana wa Uganda, aliishika usukani katika miaka migumu ya uhaba na hofu. Tukimsifu mgeni aliyeanzisha, tusimsahau mwenyeji aliyelinda.

Burkitt mwenyewe alihamia Uingereza mwaka 1966, akafariki mwaka 1993. Katika miaka yake ya mwisho alihubiri jambo aliloliona Uganda: kwamba watu wanaokula nafaka zisizokobolewa, maharage, viazi na mboga hawakuwa na baadhi ya maradhi ya matumbo yaliyowasumbua Wazungu. Si kila hoja yake imethibitika, lakini faida ya vyakula vyenye nyuzinyuzi haibishaniwi tena. Ni jambo la kutafakari sasa ambapo mikate myeupe na vinywaji vitamu vimejaa madukani Kyebando kama kwingineko.

Ndugu askari, urithi wa Burkitt si jina lake tu lililobandikwa kwenye ugonjwa. Saratani hii ni miongoni mwa zile zinazokua upesi kupita zote. Juma moja la kungoja ni muda mrefu. Mtoto akivimba taya, meno yake yakilegea pasipo sababu, au tumbo likifura, usidhani ni jino bovu tu, wala usisubiri likizo. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, na watoto wote wa nyumbani walale ndani ya chandarua. Askari hufunzwa kwamba taarifa ichelewayo yaweza kupoteza kikosi. Katika ugonjwa huu, yaweza kupoteza mtoto ambaye dawa ya kumponya ipo.