Helikopta ya Kompyuta Inazunguka? Haijaharibika!

Mwezi huu tunajibu vijana wanaocheza mchezo wa kuendesha ndege kwenye kompyuta. Ndege ya mabawa wanaipaisha vizuri. Wakichagua helikopta, inazunguka kama pia, inalala ubavu, inaanguka. Eti mchezo umeharibika! Hapana, helikopta ya kweli nayo ina tabia hizo.

Wengi wetu tuliotoka Goma, Sake na Rutshuru tunazijua helikopta kwa masikio: zile nyeupe za MONUSCO, Mi-8 zilizotengenezwa Urusi na Oryx za Afrika Kusini. Wako watoto ambao mlio huo kwao ni vita tu. Mtoto akielewa chombo kinavyofanya kazi, pengine hofu itapungua kidogo.

KWA NINI INAZUNGUKA?
Mapanga ya juu yakizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande wa pili. Panga dogo la mkiani lipo ili kuuzuia. FlightGear, mchezo usiolipiwa, una helikopta ya Kijerumani, Bo 105. Ukiyatazama mapanga yake kutoka juu, yanakwenda kinyume cha mishale ya saa. Basi ukiongeza nguvu, pua inakimbia kulia. Kanyaga pedali ya kushoto. Mi-8 na Oryx mapanga yao yanafuata mishale ya saa, kwa hiyo pua inakwenda kushoto na unakanyaga kulia. Ukizoea moja ukapanda nyingine, lazima uchanganyikiwe!

KWA NINI INATELEZA?
Panga la mkiani linaisukuma pia helikopta nzima pembeni, kwa hiyo inabidi uilaze kidogo upande wa pili. Hapo ndipo wengi wanaanguka. Helikopta inachelewa kuitikia, nao wanaongeza. Ikija kuitikia, imeshapita kiasi. Gusa kidogo, ngoja, gusa tena. Kibodi ni kama kupiga teke, haijui kidogo. Fimbo ya michezo ni bora, hata ya mtumba. Ikikosekana, tumia kipanya.

GOMA NI JUU
Uwanja wa ndege wa Goma uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya saba, basi mapanga yanapata hewa kidogo ya kushika na injini nayo nguvu inapungua. Uwanja wa kweli ulifungwa Januari 2025, lakini katika mchezo vijana wanapenda kuanzia hapo, maana ni nyumbani. Ushauri wetu: anzeni Mombasa, karibu na bahari, tena na mafuta kidogo. Mkishaweza kusimama angani dakika moja, rudini Goma.

KUTUA
Usishuke wima kwa haraka. Helikopta itaingia katika upepo inaousukuma yenyewe, na ukiongeza nguvu itazidi kuzama. Sukuma pua mbele utoke kwenye upepo huo, halafu njoo tena kwa mshazari, polepole.

Msikate tamaa. Igor Sikorsky aliporusha VS-300 yake huko Marekani tarehe 14 Septemba 1939, ilikuwa imefungwa kamba chini isimkimbie. Na yeye ndiye aliyeitengeneza!

KWA WAZAZI
Kompyuta ni moja, watoto ni wengi. Wapeni zamu za dakika 15: mmoja aendeshe, mwenzake amsomee kimo na mwendo. Mabinti nao wapate zamu yao. Na mtoto anayeogopa ule mlio asilazimishwe. Zimeni sauti kwanza, akae pembeni atazame mapanga tu. Siku akitaka mwenyewe, yeye ndiye aongeze sauti.