Mtoto Asiyetulia: Macho na Masikio Yake Yanatuambia Nini?

Leo tunamzungumzia mtoto asiyetulia. Mwalimu anasema hamalizi kazi. Jirani anasema hana adabu. Wengine wanasema amerogwa.

Huenda mtoto huyo ana hali ambayo madaktari huiita ADHD. Duniani, takriban watoto 5 kwa kila 100 wanayo. Si laana, wala haitokani na malezi mabaya. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Ubongo wake hupata shida kuchagua la kuzingatia na la kuacha.

Tuanze na macho. Tunaposoma, macho hayatelezi juu ya mstari. Huruka, hutua kwa muda wa kama robo sekunde, kisha huruka tena. Ubongo ndio unaoyaongoza na kuyafungia breki. Kwa mwenye ADHD, breki hiyo ni hafifu. Watafiti humwambia mtu: taa ikiwaka kulia, wewe tazama kushoto. Wenye ADHD hukosea mara nyingi kuliko wengine, kwa sababu jicho hukimbilia taa kabla hawajalizuia. Ndivyo ilivyo darasani. Bodaboda ikipita nje, macho yameshakwenda, na akirudi kitabuni hajui aliachia wapi. Hafanyi kusudi.

Na hisia nyingine je? Baadhi ya watoto hawa husumbuliwa sana na mvua juu ya bati, kelele za mashine ya kusaga mahindi, au sweta inayowasha. Wengine hutafuta kugusa na kuruka kila mara.

Lakini mama, usikate kauli upesi. Hakuna kipimo cha damu wala cha macho kinachotosha peke yake kuthibitisha ADHD. Daktari huangalia kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Mtoto anayehangaika darasani pekee huenda haoni ubao au hasikii vizuri. Anayeduwaa ghafla kwa sekunde chache, ukimwita asisikie, huenda ana kifafa. Na kama aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani, mweleze daktari.

Nyumbani, anza hivi. Mpe agizo moja kwa wakati, akikutazama. Aweke rula chini ya mstari anaosoma. Kazi iwe fupi, kisha mtume achote maji, arudi kuendelea. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha. Akifanya vizuri, msifu papo hapo. Kiboko hakifundishi macho kutulia, na shuleni kilipigwa marufuku mwaka 2001.

Mpeleke kwanza hospitali ya kaunti apimwe macho na masikio. Kisha ulizia katika ofisi ya elimu kuhusu kituo cha EARC, ambako watoto wenye mahitaji maalum hutathminiwa. Vituo hivi vilianzishwa Kenya mwaka 1984. Wapo watoto wanaohitaji dawa, lakini huo ni uamuzi wa daktari, si wa duka la dawa.

Mama, mtoto huyu si mjinga. Akieleweka mapema, atasoma.