Nachingwea na Ruangwa: Nchi Kati ya Lukuledi na Mbwemkuru

Nachingwea ni mji wa bara katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, umbali wa kilometa 45 hivi kutoka Masasi. Kaskazini-mashariki yake iko Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea mpaka ilipomegwa mwaka 1995. Ruangwa nayo ina kata iitwayo Nachingwea, jambo ambalo huwapoteza wageni wengi wanaosoma ramani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 178,464 katika Wilaya ya Nachingwea na 131,080 Ruangwa. Wenyeji wengi ni Wamwera, na wamechanganyika kwa miaka mingi na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo.

Umbo la nchi hii huonekana kwa kufuata mito miwili. Lukuledi hupita upande wa kusini na kuingia baharini Lindi. Mbwemkuru uko kaskazini, nao humwaga maji yake kati ya Lindi na Kilwa. Katikati ya mito hiyo ni uwanda wa miombo na udongo mwekundu wenye kichanga, na hapa na pale mlima wa mawe umesimama peke yake. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo vijito vingi hukauka, na mwanamke mwenye ndoo kichwani hutembea mbali zaidi kila wiki.

Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 viliwakusanya Wamwera dhidi ya Wajerumani, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa moto. Mwaka 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yakapigana vikali Mahiwa, karibu na Nyangao. Hata hivyo, kilichoutangaza mji wa Nachingwea duniani ni karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Tanganyika, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaukubali mpango huo: zaidi ya ekari milioni 3, hasa katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kusini ndiko kulikotengewa sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa mvua yake ilionekana ya kuaminika kuliko ya Kongwa. Kazi ilianza Kongwa hasa kwa sababu reli ilikuwa karibu. Huko udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu. Mkaranga huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake hushuka na kupenya udongoni, na karanga hukulia humo. Udongo ukishikana, kikonyo hakipenyi, na hata zao likikomaa halichimbuliki.

Nachingwea ilikuwa na tatizo jingine. Msitu wake ulikuwa mzito, mizizi ikavunja majembe ya trekta, na mzigo haukuwa na njia ya kufika pwani. Bandari ya Lindi ni ya kina kifupi. Ikajengwa gati ya muda Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, na reli kutoka hapo ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli yake ikakamilika mwaka 1954. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umefutwa Januari 1951, na hasara iliyotangazwa ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Kosa kubwa lilikuwa la mpangilio: mashamba yalifyekwa kabla ya reli na bandari, na kabla ya mtu yeyote kulijaribu zao kwa misimu ya kutosha. Wamwera walijua ni udongo gani unafaa na mvua gani ni ya kudanganya, lakini hawakuulizwa.

Reli ilibaki bila mzigo wa kutosha, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Kata moja ya mji inaitwa Stesheni hadi leo. Mashamba ya mpango yalikuwa yamepewa namba, na moja kati ya hayo, Farm 17, likaingia katika historia ya nchi nyingine. Mwaka 1965 serikali ya Tanzania iliwapa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, eneo hilo kuwa kambi. Samora Machel aliiongoza, na wapiganaji wa Msumbiji walifunzwa hapo siasa, kilimo na matumizi ya silaha. Mwaka 1967 kundi la kwanza la wanawake, Josina Muthemba (baadaye Josina Machel) akiwamo, lilipata mafunzo ya kijeshi hapo. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Utajiri wa leo ni korosho. Ruangwa, Nachingwea na Liwale zimeungana katika chama kikuu cha ushirika kinachoitwa RUNALI, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Katikati ya mwaka mikorosho huanza kutoa machipukizi na maua, na ugonjwa wa ubwiri unga hushambulia hayohayo. Mkulima huamka alfajiri kupuliza salfa kwa pampu, kabla umande haujakauka, ili unga ushike majani. Kuanzia Oktoba korosho huokotwa chini ya miti, hutenganishwa na mabibo, huanikwa juani, kisha hupelekwa ghalani kwa chama cha msingi na kuuzwa kwa mnada.

Ardhini kuna mali nyingine. Ruangwa ina akiba kubwa ya madini ya kinywe, yanayohitajika katika betri, na Nachingwea ina nikeli katika mlima wa Ntaka.

Karanga bado zinalimwa Nachingwea, katika mashamba madogo ya familia, kwa jembe la mkono.